Mimea adimu ya majani ndani ya nyumba ya Tanga: anza na mizizi

Maswali ninayoulizwa na wanaoanza ni yale yale. Nimwagilie mara ngapi kwa wiki? Ninunue ile mashine ya kuongeza unyevu hewani? Mbona Alocasia niliyoagiza kwa pesa nyingi imeoza, na ya jirani, ambaye wala haiangalii, inatoa jani juu ya jani? Nimeona niyajibu hapa kwa mpangilio, kwa ajili ya mtu anayeishi Tanga mjini au popote kwenye mwambao huu, mwenye nyumba ya kawaida na fedha za kawaida.

Kwanza ujue kwamba maelezo mengi utakayoyakuta kuhusu mimea hii yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Wao wanahangaika na hewa kavu ya vyumba vyenye hita na ubaridi wa madirisha. Sisi hatuna shida hiyo. Hewa ya Tanga muda mwingi ina unyevu wa zaidi ya asilimia 70, na hata usiku wa Julai joto huzunguka nyuzi 20. Wanachokitafuta kwa mashine sisi tunacho bure. Kinachoua mimea yetu ni udongo mzito unaoziba hewa mizizini, giza la ndani ya nyumba, na maji ya chumvi. Udongo mzito ndio ninaoukuta mara nyingi zaidi, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu nimeiweka kwenye mchanganyiko wa kupandia na umwagiliaji.

Nadharia ni hii tu, kisha tushike kazi. Monstera, Philodendron, Anthurium na Alocasia zote ni jamaa ya magimbi. Gimbi linapenda tope, lakini hawa ndugu zake wengi hawaliwezi. Huko kwao Amerika ya Kati na Kusini, Monstera hupanda juu ya miti, na Anthurium nyingi hukaa kwenye magome na miamba, mizizi ikiwa ndani ya majani yaliyooza ambamo mvua hupita na hewa hurudi papo hapo. Mizizi inahitaji oksijeni. Ukiifungia kwenye udongo wa mfinyanzi uliolowa inakosa hewa, inakufa, kisha vimelea vya kuozesha vinaingia. Ukiona mmea umenyauka na udongo wake umelowa, usiongeze maji. Maji yapo, mizizi ya kuyanywa ndiyo haipo.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujanunua mmea

- Vyungu au makopo yenye matundu chini. Chungu cha udongo kinapumua na kinakausha haraka. Cha plastiki kinashika maji zaidi. Vyote vinafaa, ila usichanganye aina nyingi ukiwa unaanza, kwa sababu kila aina itakauka kwa mwendo wake.
- Makumbi ya nazi, makavu, kutoka kwa wafua nazi au wauza madafu.
- Chenga za mkaa, zile zinazobaki chini ya gunia.
- Kokoto ndogo, au vipande vya tofali la kuchoma.
- Mboji iliyoiva kabisa, au samadi ya zamani isiyo na harufu.
- Vijiti vya mshikaki.
- Ndoo yenye mfuniko ya kuhifadhi maji ya mvua.
- Kisu kikali au wembe, spiriti na pamba.
- Mafuta ya mwarobaini na sabuni ya maji isiyo kali.
- Mbolea ya NPK inayoyeyuka kwenye maji, kutoka duka la pembejeo.

Hakuna kimoja hapo kinachohitaji kuagizwa nje.

Hatua ya 1: Tafuta mwanga kwanza

Wengi hununua mmea, halafu wanazunguka nao nyumba nzima wakitafuta pa kuuweka. Anza na mahali.

Nyumba nyingi za Kiswahili, kama zile za Ngamiani, zina korido katikati na vyumba kulia na kushoto, kila chumba na dirisha moja lenye nondo, wavu wa mbu na pazia. Ukikaa humo macho yanazoea, unaona kuna mwanga wa kutosha. Mmea hauzoei. Fanya kipimo hiki saa sita mchana: weka karatasi nyeupe pale unapotaka kuweka mmea, kisha nyoosha kiganja chako sentimita 30 juu yake. Kivuli kikiwa na kingo kali, mwanga ni mkali na utaunguza majani mengi. Kivuli kikionekana kwa ulaini, vidole vinatambulika lakini kingo zimefifia, hapo ndipo. Kama kivuli hakionekani kabisa, usiweke mmea hapo bila taa.

Kuhusu upande wa dirisha, usifuate maelezo ya Ulaya yanayosema dirisha la kusini ndilo lenye jua. Tanga iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Kuanzia Oktoba mpaka mwanzoni mwa Machi jua la mchana linapita upande wetu wa kusini. Miezi mingine linapita kaskazini. Lakini kwa sababu linapita karibu na utosini, upenu wa bati hulizuia pande zote hizo mbili. Madirisha yanayopokea jua lenyewe ni ya mashariki na magharibi. Dirisha la mashariki ni zuri sana kwa kuwa jua la asubuhi ni laini. La magharibi liwekee pazia jepesi, au usogeze mmea mita moja ndani.

Osha wavu wa mbu. Vumbi la miezi kadhaa hula mwanga mwingi kuliko unavyodhani.

Kama chumba ni cha giza, tumia balbu ya LED nyeupe ya wati 15, uishushe mpaka iwe sentimita 30 hivi juu ya majani, iwake saa 12 kwa siku. Kwa mwezi itakula yuniti 5 na nusu hivi za LUKU. Balbu iliyoko darini haitoshi, hata ikiwa na wati nyingi, maana mwanga hupungua haraka sana kadiri unavyosogea mbali.

Hatua ya 2: Chagua mmea unaolingana na mkono wako

Ukiwa mgeni kabisa, anza na Zamioculcas zamiifolia. Inauzwa kama mgeni wa kifahari, kumbe ni mwenyeji: asili yake ni kuanzia Kenya kupitia Tanzania mpaka Afrika Kusini. Ina viazi chini vinavyotunza maji, inavumilia kusahauliwa na inavumilia mwanga hafifu. Ukiweza kuiweka mwaka mzima bila kuiozesha, umejifunza kuzuia mkono.

Kisha Monstera adansonii, ile yenye matundu, na Monstera deliciosa. Baada ya hapo Philodendron gloriosum kutoka Colombia, yenye majani ya mahameli na mishipa myeupe. Kisha Anthurium crystallinum na Anthurium clarinervium. Alocasia ninaziweka mwisho, ingawa ndizo wengi huzikimbilia kwanza kwa uzuri wake, kwa sababu haziwii radhi maji yaliyotuama na utitiri unazipenda kuliko mimea mingine yote.

Zenye mabaka meupe zina sheria yake. Sehemu nyeupe ya jani haina kijani, haitengenezi chakula. Mmea wenye majani meupe matupu utapendeza muda mfupi kisha utadhoofika. Tafuta shina lenye mchanganyiko wa kijani na weupe, na uangalie shina lenyewe lina mistari, kwa sababu jani jipya hurithi kutoka kwenye kifundo, ile pete ya shina lilipotokea. Monstera iitwayo Thai Constellation huzalishwa maabara na mabaka yake hayapotei kirahisi. Zile zenye weupe wa vipande vikubwa zinaweza kurudi kijani wakati wowote.

Onyo kwa pesa yako. Mbegu za "Monstera yenye mabaka" ni utapeli. Mabaka hayo hayapatikani kwa kupanda mbegu za kununua. Mmea unaotangazwa kama Monstera obliqua karibu kila mara ni adansonii. Na ile Philodendron inayoitwa Pink Congo, yenye majani ya waridi matupu, imepewa kemikali. Baada ya miezi itatoa majani ya kijani na hakuna utunzaji utakaourudisha uwaridi. Tofauti nayo ni Pink Princess, ambayo waridi yake ni ya asili.

Kuhusu kuvuka mpaka wa Kenya pale Horohoro na mmea mkobani: mimea inayoingia nchini inatakiwa kuwa na kibali na cheti cha afya ya mimea, na wanaosimamia ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, kwa kifupi TPHPA. Sheria hii inalinda mihogo na michungwa ya Muheza, siyo ya kuwasumbua wapenda maua. Vilevile using'oe mmea msituni Amani. Ua la Usambara, Saintpaulia, ambalo Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka Ulaya kutoka huku kwetu mwaka 1892, leo limejaa madirishani dunia nzima, na huku nyumbani limebaki kwenye vipande vidogo vya msitu. Lililopo liache.

Hatua ya 3: Uweke karantini

Mmea mpya ukae peke yake, mbali na mingine, wiki 3. Geuza kila jani uangalie chini yake na kwenye makwapa ya majani. Futa majani kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo. Usiupande upya siku ulipofika, isipokuwa kama udongo uliokuja nao unanuka au umeloa tepetepe. Umetoka safarini, uache siku kadhaa kwenye kivuli uzoee hewa.

Hatua ya 4: Andaa mchanganyiko wa kupandia

Hapa usiharakishe.

Anza na makumbi. Yakate kwa panga vipande vya ukubwa wa kunazi, na nyuzi zake uzichambue. Loweka kwenye ndoo siku nzima, mwaga maji ya kahawia, loweka tena. Rudia mpaka maji yawe mepesi rangi. Makumbi kwa asili yake yana chumvichumvi, na kuyaosha ndiko kunakoyafanya salama. Usichukue kabisa yale yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kusokota kamba. Hayo yamekunywa maji ya bahari.

Mkaa uponde ndani ya kiroba, uchekeche, utupe vumbi. Funga kitambaa puani. Unataka vipande vya punje ya mahindi mpaka kunazi. Uoshe. Usibadilishe mkaa kwa majivu: majivu yana magadi mengi na yatachoma mizizi.

Kokoto au tofali lililopondwa, vilevile chekecha na osha. Mchanga wa pwani usiingie hapa hata kidogo.

Sasa pima kwa kopo moja, lolote:

- Makumbi makopo 4
- Mkaa makopo 2
- Kokoto au tofali makopo 2
- Mboji makopo 2

Hiyo ni ya Monstera na Philodendron. Kwa Anthurium punguza mboji iwe kopo 1 na uongeze makumbi ya vipande vikubwa. Kwa Alocasia ongeza kopo 1 la kokoto.

Jaribu kabla ya kupanda. Jaza chungu, mimina lita moja ya maji. Yapite na kuanza kutoka chini ndani ya sekunde chache bila kutuama juu. Yakisimama kama kidimbwi, ongeza vipande vikubwa na upunguze mboji. Usiogope kwamba "maji yote yanapotea". Makumbi yameshika ya kutosha, na nafasi zilizobaki ni za hewa.

Kosa linalorudiwa kila mahali: kuweka tabaka la kokoto chini ya chungu ili "maji yashuke". Hayashuki. Maji hukwama pale mchanganyiko laini unapokutana na kokoto, na eneo lenye kulowa linapanda juu zaidi, karibu na mizizi. Kokoto zichanganywe ndani, zisitandikwe chini.

Hatua ya 5: Panda

Chagua chungu kinachozidi bonge la mizizi kwa sentimita 2 mpaka 5 tu. Chungu kikubwa kwa mmea mdogo kinabaki kimelowa siku nyingi pasipo mzizi wa kukausha. Toa udongo wa zamani kwa vidole taratibu, ukate mizizi iliyolainika na kuwa kahawia, uache myeupe na migumu. Shikilia mmea katikati, jaza pembeni, gonga chungu chini mara mbili tatu. Usishindilie.

Philodendron gloriosum haipandi juu, shina lake linatambaa chini. Lilaze juu ya mchanganyiko, usilifukie, na ulipe chombo kirefu, hata beseni la mstatili ulilolitoboa. Wanaolifukia huliozesha.

Osha mikono baada ya kazi. Utomvu wa mimea hii una chembechembe zinazowasha, kama lilivyo gimbi bichi ulimini. Mtoto au paka akitafuna jani atavimba mdomo na kutoa udenda. Weka juu wasipofika, na kama mtoto anapumua kwa shida mpeleke hospitali mara moja.

Hatua ya 6: Mwagilia kwa kijiti, siyo kwa kalenda

Sasa lile swali la mara ngapi kwa wiki. Sina idadi ya kukupa, na anayekupa idadi hajui chungu chako kiko wapi. Wakati wa kaskazi, joto la Januari na Februari, chungu kidogo cha udongo karibu na dirisha kinaweza kukauka kwa siku mbili. Masika ya Aprili, chungu hicho hicho kinaweza kukaa wiki nzima.

Chomeka kijiti cha mshikaki mpaka karibu na chini ya chungu, subiri dakika 10, chomoa. Kikitoka cheusi na chenye unyevu nusu ya chini, ngoja. Kikiwa kikavu theluthi mbili kutoka juu, mwagilia. Zamioculcas isubiri mpaka kijiti kitoke kikavu chote. Baada ya muda utaanza kujua kwa kunyanyua chungu tu, uzito utakwambia.

Ukimwagilia, mwagilia hasa. Mimina polepole kuzunguka chungu chote mpaka maji yatiririke chini. Vijiko viwili vitatu vya maji kila siku ni njia ya kulowesha juu na kuua chini. Kisha mwaga maji ya kwenye kisahani yote. Hili halihusu mizizi peke yake: mbu wa dengi huzaliana kwenye maji kidogo yaliyotulia ndani ya nyumba, na mwaka 2019 ugonjwa huo ulifika Tanga. Usiwe na kisahani chenye maji nyumbani kwako.

Maji gani? Ya mvua ndiyo bora. Acha mvua ya kwanza ioshe bati, kisha kinga. Ya bomba yanafaa. Yanayoleta shida ni ya visima vya karibu na bahari. Kipimo chake unakijua tayari: kama sabuni haitoi povu, au chai inapata ladha, usiyatumie kwenye mimea hii. Dalili nyingine ni ukoko mweupe kwenye mdomo wa chungu na ncha za majani kuungua kahawia. Kama huna maji mengine, changanya nusu kwa nusu na ya mvua, na kila mwezi pitisha maji mengi ya mvua kwenye chungu ili chumvi ishuke.

Acha kupuliza maji kwenye majani. Huo ni ushauri wa nchi kavu. Hapa majani yaliyolowa usiku kwenye hewa iliyotulia huzaa madoa ya ukungu na bakteria, hasa masika. Bora hewa itembee: panga boi kwa mwendo wa chini kabisa linasaidia mmea kuliko chupa ya kupulizia. Chumba chenye kiyoyozi muda wote ndicho pekee kinachokausha hewa hapa kwetu, na Anthurium usiiweke humo.

Hatua ya 7: Lisha kidogo

Makumbi na mkaa havina chakula, na mboji uliyoweka inaisha. Yeyusha kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa cha NPK 19-19-19, gramu 5 hivi, kwenye ndoo ya lita 10. Tumia maji hayo kila wiki mbili wakati mmea unatoa majani. Kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti ni cha shamba la nyanya, usikifuate. Mwagilia maji matupu kwanza kama chungu kimekauka kabisa, kisha ya mbolea. Mmea mgonjwa au uliotoka kupandwa usiulishe mpaka utoe jani jipya.

Hatua ya 8: Wape wapandaji pa kupanda

Monstera inayoning'inia itatoa majani madogo miaka yote. Ikipata nguzo ya kushika mizizi yake ya hewani, majani yanakua makubwa na matundu yanaongezeka. Chukua bomba la plastiki au fito, zungushia nyuzi za makumbi zilizooshwa, funga kwa kamba ya manila. Usifunge kwa katani hapa, ingawa tunaishi katikati ya mkonge. Ikilowa kila siku inaoza na nguzo inafumuka. Katani itumie kufungia shina kwenye nguzo: ikija kuoza, mizizi itakuwa imeshika yenyewe. Funga shina, usifunge vikonyo vya majani. Vinahitaji kugeuka kutafuta mwanga. Nguzo ichomekwe wakati wa kupanda, siyo baadaye ukavunja mizizi.

Hatua ya 9: Zalisha

Tafuta kifundo, ile pete kwenye shina ambapo jani na mzizi wa hewani hutokea. Jani na kikonyo chake bila kifundo vinaweza kukaa majini miezi na visitoe mmea wa Monstera kamwe. Wauzaji wasio waaminifu huuza majani hayo. Pangusa kisu kwa spiriti, kata sentimita 2 chini ya kifundo, acha jeraha likauke saa kadhaa. Weka kwenye chupa ya maji penye mwanga laini, kifundo kizame, jani lisizame. Badilisha maji kila siku 3 au 4. Kwa joto letu mizizi haichelewi. Ikifika sentimita 5 hamishia kwenye mchanganyiko. Ikiachwa majini mpaka iwe mirefu kama ndevu inapata taabu kuzoea chungu.

Zamioculcas ni tofauti: hata jani lake moja dogo likichomekwa litatoa kiazi, ila subira yake ni ya miezi. Alocasia huzaa vitoto vya viazi chini. Utavikuta ukibadilisha chungu. Menya ganda la nje, vilaze kwenye makumbi yenye unyevu ndani ya kopo lenye mfuniko.

Mambo yakienda kombo

*Majani ya chini yanageuka njano.* Moja kwa mara, la zamani, ni kawaida. Alocasia hasa hubaki na majani matatu manne na kuangusha la zamani kila inapotoa jipya. Yakiwa matatu kwa pamoja na chungu ni kizito, ni maji. Nenda kwenye kijiti.

*Shina limelainika, kuna harufu.* Usingoje kesho. Toa mmea, osha mizizi, kata kila kilicho laini mpaka ufike kwenye nyama ngumu na safi, ukipangusa kisu kwa spiriti kila unapokata. Acha wazi kivulini saa kadhaa, panda kwenye mchanganyiko mpya wenye makumbi na mkaa tu, bila mboji, chungu kidogo. Kama mizizi yote imekwenda lakini shina lina kifundo kizima, rudi Hatua ya 9.

*Vumbi jepesi na nyuzinyuzi chini ya majani, jani limepauka kwa vidoti.* Huo ni utitiri. Osha majani kwa maji ya bomba yenye nguvu, chini na juu. Kisha mililita 5 za mafuta ya mwarobaini na matone machache ya sabuni kwenye lita moja ya maji ya uvuguvugu, tikisa sana, puliza jioni. Rudia kila siku 5 mpaka 7, mara tatu au nne, kwa sababu mayai hayafi kwa dawa ya kwanza. Jaribu jani moja kwanza. Majani ya mahameli huchukia mafuta mengi.

*Vidung'ata, vile vyeupe kama pamba makwapani.* Pamba na spiriti, kimoja kimoja. Vidugamba, vile vyenye gamba vilivyoganda kwenye mmea, vikwangue kwa ukucha, kisha spiriti. Fuatilia sisimizi wanaopanda kwenye chungu, kwa sababu wao huvilinda ili wanywe utamu wake.

*Vijinzi vyeusi vinaruka ukimwagilia.* Juu ya chungu hapakauki. Acha sentimita 3 za juu zikauke kabisa kati ya umwagiliaji, na mboji ambayo haijaiva usiitumie tena.

*Madoa ya kahawia yenye duara la njano, yanakua.* Kata jani, lichome au litupe mbali, usiliweke kwenye mboji. Tenganisha vyungu hewa ipite.

*Jani jipya limekwama kujifungua.* Usilivute. Angalia kama chungu kilikauka mno au kiyoyozi kinapuliza upande huo. Litie unyevu kwa kidole kilicholowa kwenye ukingo uliokwama, usubiri.

*Mabaka yanapotea, majani yanatoka kijani.* Rudi nyuma mpaka kwenye jani la mwisho lenye mabaka, kata juu ya kifundo chake. Chipukizi lijalo litatoka hapo. Kile kipande cha kijani ulichokikata kioteshe, kitakuwa mmea mzuri tu.

*Miezi inapita, mmea umesimama, haufi wala hautoi jani.* Kama mizizi ni mizima ukiitazama, tatizo karibu kila mara ni mwanga. Usiuongeze mbolea. Sogeza mmea nusu mita kuelekea dirishani, au shusha taa, rudia kipimo cha kiganja, kisha upe wiki 4 hadi 6 kabla hujabadilisha kitu kingine chochote.